Janga likija tena, usharika wetu uanzie wapi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT huku Old Moshi, mama mjane wa miaka 63. Wakati wa Korona tuliweka ndoo za kunawia milangoni na tukapunguza watu kwenye mabenchi. Baada ya miezi michache koki ziliharibika, mambo yakarudi kama zamani, na mwaka 2021 tulizika watu wengi. Sasa baraza la wazee limenipa kazi ya kuandaa mpango endapo ugonjwa mwingine utaingia. Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema kazi ya kanisa ni kuomba, basi. Wapo wanaosema tufunge milango tuisubiri serikali. Fedha hatuna. Tuanzie wapi?

JIBU: Mama, shikamoo, na Bwana asifiwe sana. Pole kwa wote mliowazika. Nimefanya uuguzi wa afya ya jamii humu Kilimanjaro kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali lako natamani liulizwe kila usharika na kila parokia kuanzia Siha hadi Rombo, tena liulizwe sasa, wakati hakuna mtu anayeugua.

Mkikaa kwenye baraza, mazungumzo yatakimbilia ibada ya Jumapili: tufungue au tufunge, benchi moja likaliwe na wangapi, Chakula cha Bwana kitolewe vipi. Nitayagusa hayo mbele. Lakini ibada ni saa chache katika wiki nzima. Saa zote zilizobaki watu wako majumbani kwao, na ni huko mgonjwa anakozidiwa usiku, ni huko bibi anakoishiwa dawa za presha, ni huko baba aliyepoteza kibarua anakokaa kimya kwa aibu. Usharika wako una kitu ambacho hospitali haina: unajua nani anakaa nyumba ipi. Hospitali ya KCMC ina madaktari bingwa na mitambo ya oksijeni, lakini haijui kwamba yule bibi wa karibu na mfereji analea wajukuu peke yake na simu yake imekatika kioo. Kiongozi wa jumuiya yake anajua. Ndiyo maana jibu langu linaanzia kwenye jumuiya, na hekalu linakuja baadaye.

Anza na daftari. Kila jumuiya iwe na lake, liandikwe kwa mkono, na liwe na nakala kwa parishiweka, yaani mhudumu wa usharika. Andikeni kila nyumba, na nasema kila nyumba: Mlutheri, Mkatoliki, Mwislamu, na asiyesali popote. Ugonjwa hauulizi cheti cha ubatizo, na jirani asiyeandikwa ndiye atakayekutwa amekufa siku ya tatu. Andikeni wanaoishi humo, namba ya simu ya mtu wao wa karibu hata kama yuko Dar es Salaam, kama kuna mzee anayeishi peke yake, kama kuna mjamzito au mtoto mchanga, kama kuna mtu anayetumia dawa za kila siku. Hapo kwenye dawa msiandike jina la ugonjwa. "Anatumia dawa kila siku" yatosha. Wa kisukari, wa presha na wa ARV watakaa kwenye mstari mmoja bila yeyote kuvuliwa nguo mbele ya watu, na wote wanahitaji jambo lile lile, yaani dawa zisikatike.

Kisha chagueni watu wawili kwa kila nyumba kumi hivi. Wawe wenye afya, ikiwezekana vijana, na wajue kutunza siri. Janga likiingia kazi yao ni kupiga simu au kupita kila siku, wakasimama uani bila kuingia ndani, na kuuliza: mmeamkaje, mmekula, maji yapo, dawa zipo, nani anaumwa? Wafundishwe dalili za hatari ili wasibabaike: mtu anapumua kwa shida hata akiwa amekaa, midomo inabadilika rangi, anachanganyikiwa, anashindwa kunywa, au mtoto analegea. Mgonjwa wa namna hiyo haombewi kwanza ndipo apelekwe. Anapelekwa huku akiombewa. Kwa magonjwa ya mapafu kama Korona, kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ni msaada mkubwa, maana wapo waliokuwa wanaongea vizuri huku oksijeni yao imeshuka sana. Kikisoma chini ya 94 mtu akaonwe na daktari, na chini ya 90 ni dharura. Kifaa kimoja kinatosha jumuiya kadhaa, kinafutwa kwa spiriti kila baada ya mtu mmoja, na si ghali kama watu wanavyodhani.

Jingine la kufanya kabla ni usafiri. Zungumzeni leo na mwenye gari mmoja au wawili wa usharika, wakubali kuitwa usiku, na mkubaliane mafuta yatalipwa na nani. Kwa barabara zenu za mlimani msimu wa masika, asiyepangiwa gari mapema atafika hospitali amechelewa.

Sasa niuguse ule mgawanyiko wa wenzako, kwa sababu msipoutatua utaukwamisha mpango wote. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, mji wa Martin Luther. Chuo kikuu kikahamishiwa Jena, lakini yeye alibaki na nyumba yake ikapokea wagonjwa. Mwaka huo huo aliwajibu wachungaji wa Breslau waliomuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Jibu lake lingefaa kusomwa kwenye baraza lenu. Alisema mwenye dhamana juu ya watu, awe mchungaji, kiongozi au jirani ambaye mgonjwa hana mwingine, asiwaache. Papo hapo akawakemea wanaodharau dawa na tahadhari kwa kisingizio cha imani, akisema huko ni kumjaribu Mungu. Yeye mwenyewe alisema atamwomba Mungu, na pia atatumia dawa, na atakaa mbali na mahali asipohitajika ili asije akawa sababu ya mwingine kufa. Kwa hiyo wanaosema tuombe wako sahihi, na wanaosema tujihadhari wako sahihi. Wanaokosea ni wale wanaotaka kufanya moja na kuacha jingine.

Nawaomba pia mwe waangalifu na mikusanyiko ya uponyaji wakati watu wana hofu. Sote tunakumbuka Februari 1, 2020, hapa hapa Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walipokufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hofu ya kifo inawasukuma watu wote kwenye mlango mmoja, na janga la ugonjwa huongeza hofu hiyo maradufu. Kama mgonjwa anataka kupakwa mafuta na kuombewa kama Yakobo 5 inavyosema, mchungaji au mzee mmoja aende kwake akiwa amejikinga, ndugu wengine waombe kutoka uani.

Mpango wenu pia usiwe mmoja kwa magonjwa yote, maana kila ugonjwa una njia yake ya kupita. Hapa ndipo palipotuponza na zile ndoo. Ndoo na sabuni ni kinga kubwa ya kipindupindu, ambacho janga lake la saba lilianza Indonesia mwaka 1961 na halijaisha hadi leo. Kwa Korona, iliyosafiri hasa kwa hewa, dirisha lililofunguliwa lilikuwa na nguvu kuliko ndoo. Machi 2020, huko Skagit katika jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Kitakasa mikono kilikuwepo mlangoni na hawakukumbatiana. Watu 53 wakaugua, wawili wakafa. Waliimba pamoja ndani ya chumba kimoja, na anayeimba anatoa pumzi nyingi na kwa nguvu. Nayasema haya nikijua kwaya ni roho ya makanisa yetu. Ugonjwa ukiwa wa hewa, kwaya iimbe nje chini ya miti, waimbaji wachache, wimbo mmoja au miwili, na mazoezi yasifanyike ofisini kwa mchungaji mlango umefungwa kwa ajili ya baridi.

Kama ni ugonjwa wa kugusana na majimaji ya mwili, kama Marburg uliotangazwa Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, ibada ya nje haitoshi. Hapo hakuna kumgusa mgonjwa wala vitu vyake, hakuna kumwogesha marehemu, na mnapiga simu 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haina malipo, kabla mtu wa jumuiya hajaingia mle ndani. Na ikiwa ni kipindupindu, kila kiongozi wa jumuiya ajue kuchanganya maji ya chumvi na sukari pale ambapo pakiti za dawa hazipo: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa anywe akiwa njiani kwenda zahanati, asisubirishwe nyumbani.

Kuhusu kujifukiza, najua nyumba nyingi zilifanya na wengine bado wanaamini. Mvuke unaweza kufungua pua iliyoziba. Haukuponya Korona, umewaunguza watoto, na pale watu walipojifunika shuka moja au kuingia kwenye kibanda kimoja kwa zamu, waliachiana ugonjwa. Semeni hivyo kwa upole, bila kumcheka mtu.

Nije kwenye misiba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu huku kwetu ndipo penye uzito kuliko ibada zote. Mchaga anazikwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani kwake, watu wanakuja kutoka Dar, Arusha, Mwanza na nje ya nchi, wanalala nyumba moja, wanakula pamoja, na wazee wanapokezana pombe ya mbege kwa kata moja. Ukiniuliza mwaka 2021 watu waliambukizana wapi zaidi huku mlimani, nitakuelekeza misibani kabla ya kukuelekeza kanisani.

Mwili wa aliyekufa kwa Korona haukuwa hatari kubwa kwa waliouzika kwa uangalifu. Hatari ilikuwa kwa waliomzunguka. Kwa Ebola na Marburg ni kinyume kabisa: mwili wenyewe unaambukiza vibaya sana. Afrika Magharibi, kati ya 2014 na 2016, Ebola iliwapata watu zaidi ya 28,000 na kuua zaidi ya 11,000, na mazishi yalikuwa mojawapo ya njia kubwa za maambukizi. Mwanzoni timu za mazishi zilikuja zimevaa mavazi meupe, zikachukua marehemu bila sala na bila ndugu kujua kaburi liko wapi. Watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Mambo yalianza kubadilika pale mapadri, wachungaji na maimamu waliposhirikishwa: sala ikasomwa kwa umbali, ndugu wakaruhusiwa kuona, jina likaandikwa kaburini. Mtu akiheshimiwa marehemu wake, anatoa ushirikiano.

Kwa hiyo kubalianeni mapema, baraza la wazee pamoja na viongozi wa koo, utaratibu wa msiba wa wakati wa janga. Azikwe na watu wa karibu, ibada fupi, nje, hotuba zisiwepo, chakula kisipikwe cha umati, kila mtu kikombe chake. Kisha familia ipewe ahadi, na iandikwe kwenye kitabu cha usharika, kwamba mambo yakitulia kutafanyika ibada kamili ya kumkumbuka marehemu, kwaya zote na salamu zote zikiwepo. Mkiahidi bila kuandika, wafiwa watabaki na kidonda, na msiba unaofuata hakuna atakayewasikiliza. Na sheria iwe moja kwa tajiri na maskini. Siku mtakapomruhusu mkubwa mmoja kuzikwa na umati, mpango umekufa.

Kuhusu ukweli: toleeni taarifa sahihi madhabahuni, hata kama ni chungu. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona Machi 16, 2020, mama aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA na kupokelewa Arusha. Hesabu ya taifa ikakoma kwenye wagonjwa 509 mwanzoni mwa Mei mwaka huo, na kwa zaidi ya mwaka wananchi hawakuwa na takwimu. Katika kipindi hicho, Januari 2021, Baraza la Maaskofu Katoliki liliwaandikia waumini kuwatahadharisha, na Askofu Fredrick Shoo wa Dayosisi yenu ya Kaskazini, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, naye alihimiza watu wajikinge. Nawaheshimu kwa hilo hadi leo, kwa sababu waliosema walikuwa wanazika. Machi 2021 Padri Charles Kitima, katibu wa Baraza la Maaskofu, alieleza kwamba mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili. Hao ndio waliokuwa wanawatembelea wagonjwa. Mchungaji wenu, mwinjilisti wenu na hao vijana wa jumuiya wawe wa kwanza kupewa barakoa nzuri na chanjo ikipatikana, na wazee wenye magonjwa ya muda mrefu wasitumwe kutembelea wagonjwa hata kama wana moyo wa kwenda.

Ukweli una adui mwingine, nao ni hukumu. UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983 na kuenea, zipo mimbari zilizousema kama adhabu ya dhambi, na watu wakajificha mpaka dakika ya mwisho. Wengine kati ya hao niliwahudumia. Asitajwe jina la mgonjwa kwenye matangazo ya ibada bila ridhaa yake, na lisihubiriwe neno litakalomfanya mtu aone aibu kusema "nina homa."

Sasa Jumapili yenyewe, kwa kifupi. Ibada mbili au tatu fupi badala ya moja ndefu, milango na madirisha wazi, au nje kabisa kama hali ya hewa inaruhusu. Kikombe kimoja cha Chakula cha Bwana kibadilishwe na vikombe vidogo vinavyochemshwa. Wazee na wagonjwa wabaki nyumbani bila kuonekana wamepoa kiroho, wasikilize Radio Sauti ya Injili, na wapelekewe Sakramenti. Serikali ikiagiza kufunga, fungeni hekalu. Kazi ya jumuiya haifungwi.

Umesema fedha hamna. Naamini, lakini mna mnada. Kila Jumapili huko kwenu zinanadiwa ndizi, mayai, kuku, maziwa na mboga. Wakati wa janga baraza linaweza kuamua sehemu ya mavuno hayo isinadiwe, iende moja kwa moja kwenye nyumba zilizojitenga kwa sababu ya mgonjwa. Nyumba inayoletewa mkungu wa ndizi na maharage ina sababu ya kubaki ndani. Isiyoletewa kitu itatoka kwenda sokoni Kiborloni, na huwezi kuilaumu. Mwaka 2020 ndege za nje ziliposimama, watalii waliacha kuja mlimani, na nyumba nyingi za wapagazi, wapishi na waongozaji zikakosa mapato kwa mkupuo. Hao wanaume hawaombi msaada. Wapagazi huku huitwa "wagumu", nao ni wagumu kwa jina na kwa tabia. Anayewapelekea chakula apeleke bila matangazo, tena ampe mama wa nyumba.

Watoto wasisahauliwe. Shule za msingi zilifungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Juni 2020, na baadhi ya wasichana hawakurudi darasani. Walimu wa shule ya Jumapili wawe na orodha ya watoto wao na wawatembelee, wakiangalia zaidi nyumba zenye ulevi na zile ambazo mtoto wa kike amebaki na watu wazima wasio wazazi wake.

Chanjo ikija, tumieni uwanja wa kanisa. Watu wanachanjwa kwa urahisi zaidi mahali wanapopaamini, na mchungaji aliyechanjwa mbele yao anasaidia kuliko mabango. Asiyetaka asishutumiwe. Aulizwe anaogopa nini, kisha ajibiwe na muuguzi.

Hatua zako za mwezi huu, mama, ni tatu. Mtafute bwana afya au bibi afya wa kata yenu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uwaalike kwenye baraza la wazee, maana wao ndio watakaopokea taarifa zenu na kuwapa klorini na maelekezo ya kuichanganya. Ongea na viongozi wa Katoliki, wa msikiti na mwenyekiti wa kijiji ili nyumba moja isitembelewe mara tatu na nyingine isitembelewe kabisa. Na daftari za jumuiya zikamilike kabla ya Desemba, watoto wenu wa Dar hawajapanda kuja kula Krismasi, kwa sababu wakati huo kila nyumba itakuwa na mtu wa kukupa namba ya simu iliyo sahihi.